Niliudai Wimbo Mbele ya Mke Wangu

Nina umri wa miaka thelathini na mitatu. Ni karani katika ghala la kahawa hapa Moshi, na nimetunga nyimbo zaidi ya arobaini. Wewe unayesoma huenda umecheza mbili tatu kati ya hizo bila kujua ni za nani. Si neno, sikuja kudai. Nilidai mara moja tu maishani mwangu, mbele ya watu, jua likiwaka... na ninayowasimulia leo ndiyo yaliyonipata.

Kwetu ni Masama. Marehemu baba aliniachia kihamba chenye migomba na kahawa, na nyumba ndogo ya bati. Hatua ishirini kutoka mlangoni unapita mfereji, mmoja wa ile iliyochimbwa na babu zetu kuyaleta maji ya mlimani mashambani. Mteremko ni mkali pale, maji yanakwenda kwa kasi, na ni baridi kama chuma.

Mke wangu nilimwoa Kilema. Sitamtaja jina. Wao ni Wakatoliki na sisi ni Walutheri, na wazee wake walinung'unika mwaka mzima kabla ya kumwachia aje kusali kwetu. Walilimeza hilo kwa sababu binti yao alisema ni mimi au hataki mtu. Mwenyezi Mungu akatupa mtoto wa kiume. Naye sitamtaja.

Jumatatu alfajiri nilikuwa nashuka mjini kwa baiskeli, nalala juma zima katika chumba cha kupanga kule Pasua, kisha mwisho wa juma napanda nyumbani. Hayo ndiyo maisha ya makarani wengi wa mlimani. Mwili uko mjini, jina la mtu liko kihambani.

Lakini mimi nilikuwa na kitu cha tatu. Nilikuwa na muziki.

Wale waliokuwa Moshi miaka ile baada ya vita wanakumbuka. Vijana walirudi kutoka jeshini na magita begani. Santuri zilikuwa zikilia katika kila duka la chai. Kila mtaa ulitaka jazi yake, hata kama ngoma ni debe na besi ni sanduku la chai lenye uzi mmoja. Jazi yetu ilifanya mazoezi barazani kwa Athumani, fundi cherehani, mzaliwa wa mjini, mtu mrefu mwenye sauti laini kama mafuta ya nazi. Athumani aliimba. Mimi nilipiga gita la pili, vibaya, nikakaa nyuma. Kazi yangu hasa ilikuwa kutunga.

Niseme ukweli, kutunga katika mji wetu kulikuwa kazi ya kukatisha tamaa. Mlimani, wazee wa kanisa waliliona gita kama mlango wa jehanamu. Mjini, watu hawakutaka kujua wimbo umetoka wapi. Wakipenda wimbo, wanampenda aliyeuimba. Wanamnunulia soda, wanamwita kwa jina barabarani. Mtunzi amekaa pale pale, anafuta gita kwa kitambaa, hakuna anayemwuliza hata habari za nyumbani.

Tena mimi sikuwa na kipaji cha kutunga uongo. Wenzangu waliweza kumsifu msichana ambaye hawajapata kumwona, macho yake hivi, mwendo wake vile. Mimi nikijaribu hivyo, maneno yanakuwa makavu. Wimbo wangu lazima utoke katika jambo lililonipata. Nilitunga juu ya baba alipokata roho. Nilitunga juu ya ng'ombe wetu aliyeuzwa nilipokwenda shule. Nilijivunia tabia hiyo. Nilijiita mkweli... Ni kiburi gani kinachozidi hicho?

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Siku hiyo mke wangu alikwenda sokoni na ndizi zake, akamwacha mtoto amelala kwa mama yangu. Mama ni mzee, na macho yake yalikwisha kupungua. Alikaa kibarazani akimenya maharage, akasinzia. Mtoto akaamka, akatoka nje kwa miguu yake midogo, akafuata sauti ya maji.

Mimi nilikuwa mjini.

Walimkuta chini kabisa, kwenye kihamba cha tatu, amezuiwa na shina la mgomba. Sitaandika zaidi ya hapo.

Nilipofika nyumbani sikulia. Nilimtazama mke wangu nikamwuliza swali moja, mbele ya majirani na mbele ya mchungaji: "Soko gani linamweka mama mpaka saa tisa?" Siku tatu baada ya mazishi nikamwambia arudi kwao Kilema. Akafunga nguo zake, akaenda. Nilimwona akishuka kati ya migomba na sikumwita.

Miezi mitatu ikapita. Ndipo asubuhi moja ya Jumapili mjomba wake akaja, mzee mwenye heshima, na yeye nyuma yake, na mkononi ameshika isale.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, lazima nieleze. Isale ni mmea wenye majani marefu ya kijani, tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba. Aliyekosa hulifunga jani lake fundo, akamletea aliyemkosea. Ukiletewa jani hilo huwezi kukataa, hata kama aliyekuja amekuulia ndugu. Unalipokea na mambo yamekwisha. Na yakiisha yameisha kweli: neno lile halitajwi tena, si kwa hasira, si kwa mzaha, si kanisani, si pombeni. Anayelifufua, yeye ndiye mkosaji. Wazee wetu walilijua hilo kabla ya mzungu wa kwanza kuuona mlima.

Anayeleta isale hana budi kusema kosa lake lote. Mke wangu akapiga magoti, akasema.

"Nilimaliza kuuza mapema," alisema. "Ningeweza kurudi. Lakini mwenye kanga alikuwa amefungua mzigo mpya, na wenzangu waliniita. Nikakaa nachagua rangi. Nyekundu au manjano. Tukawa tunacheka. Nilichagua rangi muda mrefu, mume wangu. Hilo ndilo nililokuwa nafanya."

Kwetu hakuna aliyekuwa anajua habari hiyo isipokuwa yeye. Angeweza kusema bei ilikuwa mbaya au ndizi hazikutoka. Alinipa ukweli wenyewe, mbichi, mkononi mwangu, pamoja na jani.

Nikalipokea. Mjomba wake akasema, "Basi mwanangu, limekwisha." Nikaitikia, "Limekwisha, mjomba." Tukanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, mama akalia, na mke wangu akaingia jikoni kama mtu aliyetoka shambani.

Nilisamehe kweli, wasomaji. Msidhani nilidanganya. Tulikaa vizuri. Alianza tena kuimba akikata majani ya ng'ombe. Ilipofika masika iliyofuata akaniambia ni mjamzito.

Sasa niambieni, mtu aliyesamehe anatafuta nini tena?

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana pale ghalani. Wenzangu wametoka, niko peke yangu na mashine ya kupigia chapa. Maneno yakaja. Sikuyaita. Yalikuja yamepangwa kama watoto wa shule:

*Maji yamelichukua ua langu,*
*maji hayana kosa.*
*Aliyeachiwa alilinde*
*alikuwa akichagua rangi.*

Nilijua mara moja kwamba sijawahi kutunga kitu kama hicho. Nilijua pia kwamba sina ruhusa. Nikajiambia: sijataja mtu. Nikajiambia: ni Kiswahili. Nyumbani tunalia kwa Kichagga, tunagombana kwa Kichagga, jani lile lilipokewa kwa Kichagga. Kiswahili kilikuwa lugha ya ghalani, ya stesheni, ya barazani kwa Athumani. Niliona kama nikiyasema kwa Kiswahili aliyesema ni mtu mwingine, wa mji mwingine. Wengi wetu wa mlimani tulikuwa na ujinga huo, tukidhani lugha ni koti la kazini, ukilivua hujafanya lolote.

Nikampelekea Athumani. Nikamwambia, "Chukua. Lakini usinitaje. Ukiulizwa, sema ni wako."

Akanitazama juu ya miwani yake. "Umeuiba, karani?"

"Sikuuiba. Usinitaje tu."

"Haya. Mimi ni fundi nguo, siulizi kitambaa kimetoka wapi."

Nilitaka uimbwe taratibu, kama mtu anayetembea nyuma ya jeneza. Sikuthubutu kumwambia sababu. Athumani akaujaribu mara mbili kwa mwendo huo, akapiga miayo, akaupa mwendo wa rumba. Akaongeza kiitikio cha "rangi, rangi, ewe rangi" na makofi. Barazani watu wakasimama, wakaanza kukata viuno.

Nilikaa nyuma na gita langu la pili nikapiga. Nilikuwa napigia watu rumba, wacheze kifo cha mwanangu.

Mwezi mmoja tu wimbo ulikuwa umeshika mji. Wapagazi wa stesheni waliuimba. Wasichana waliokuwa wakichambua buni ghalani kwetu waliuimba mbele ya meza yangu, na kila mmoja alikuwa na maana yake. Wengi walisema ua ni msichana mzuri na mlinzi ni bwana mzembe aliyekuwa akitazama wanawake wengine. Wakacheka. Jazi za mitaa mingine zikauchukua. Ukapanda mlima pamoja na mabasi, ukafika Machame, Kibosho, Marangu. Na kila ulikofika ulikuwa wimbo wa Athumani.

Jumapili moja nilimkuta mke wangu kwenye kahawa. Tumbo lilikuwa limeshaonekana. Anachuma, na anaimba. *Alikuwa akichagua rangi...*

Nikasimama pale pale kati ya mibuni.

Akanigeukia. "Wimbo huu ni wa nani?"

"Wa Athumani," nikasema. "Yule fundi."

"Na yeye alifiwa?"

"Sijui."

Akachuma kidogo, kisha akasema jambo ambalo nitakwenda nalo kaburini. "Nilipousikia mara ya kwanza kwa kina mama sokoni, nilikaa chini. Nikasema, kumbe si mimi peke yangu. Kumbe yuko mwanamke mwingine mahali fulani, naye alikuwa anachagua rangi. Tangu siku ile nalala vizuri."

Kama kulikuwa na wakati wa kunyamaza maishani mwangu mwote, wakati huo ulikuwa umefika. Mke wangu alikuwa amepata mwenzake. Mwenzake huyo hakuwepo, nilimtengeneza mimi kwa mashine ya ghalani, lakini alimsaidia kuliko mchungaji, kuliko mimi. Nilichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo. Hakuna kazi rahisi zaidi duniani.

Lakini moyo wa mtunzi, ndugu zangu, ni moyo mchafu.

Pale ghalani nilikuwa na mwenzangu, karani wa mizani, aliyekuwa akinitania kila siku. Siku Athumani alipopita barabarani na watu wakamshangilia, akaniambia, "Mwangalie mwenye akili. Wewe mwaka wa sita huu unatunga, umetunga nini? Hata mkeo anaimba wa Athumani." Nilimeza. Siku nyingine akaja na habari kwamba wazungu wa santuri kutoka Nairobi wanamtaka Athumani. Nikameza. Nilikuwa nakaa barazani nikiwatazama watu wakimpa mkono yule fundi, wakimwambia, "Bwana, umetusema mioyoni," naye anainamisha kichwa, anasema, "Asanteni, asanteni." Kila asante ilikuwa mwiba kwangu. Nilisahau kwamba mimi ndiye niliyemwomba. Nilianza kumwona mwizi.

Ilipokwisha kahawa ya mwaka ule, chama cha wakulima wa kwetu kilifanya sherehe pale uwanjani Masama. Wakaialika jazi yetu. Mchana mweupe, ng'ombe wawili wamechinjwa, wazee wamekaa mbele kwenye viti, kina mama upande wa kushoto chini ya mvule. Mke wangu alikuwa kati yao, mimba ya miezi saba, na kanga mpya begani. Mimi niko jukwaani, nyuma, na gita langu.

Tukapiga nyimbo tatu. Kisha Athumani akasogea mbele. "Sasa ule wenu," akasema, na uwanja mzima ukapiga kelele. "Wimbo huu niliutunga mwenyewe, nikiwa na uchungu mkubwa..."

Nikiwa na uchungu mkubwa. Alisema hivyo, kwa sababu waimbaji husema hivyo. Hakuwa na maana yoyote. Lakini mimi nikasema moyoni: Uchungu wako? Wewe? Ulikuwa wapi tulipokuwa tukichimba lile kaburi dogo?

Nikaweka gita chini. Nikasogea mbele nikasema, kwa sauti ya watu wote kusikia, "Wimbo si wake. Wimbo huu ni wangu."

Watu wakacheka. Walidhani ni mchezo wa jukwaani. Mmoja wa vijana akapiga kelele, "Karani, kalale!" Mwingine akasema, "Huyo anapiga chapa tu, mtunzi gani hajui hata kupiga gita!" Kicheko kikazidi.

Athumani akanishika mkono, akaninong'oneza huku akitabasamu kwa watu, "Ndugu yangu, wewe uliniambia nisikutaje. Rudi nyuma, tafadhali." Alikuwa akiniokoa. Leo naona. Wakati ule nilimvuta mkono.

"Ni wangu!" nikasema.

Yule karani wa mizani alikuwa pale mbele na sahani ya nyama. Akasimama, akapanua mikono kama hakimu. "Haya bwana mtunzi. Miezi sasa tunabishana hapa. Kama ni wako, tuambie. Ua ni nani? Na hiyo rangi ni rangi gani?"

Uwanja mzima ukasubiri. Walitaka kujua kweli, kila mtu alitaka. Na mimi nilikuwa nao wote, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, wananitazama mimi.

Nikawajibu. "Ni nyekundu na manjano. Ni kanga. Na ua ni mwanangu aliyekufa mferejini, hapo, mnapajua wote."

Hakuna aliyepiga makofi.

Waliokuwa Masama siku ile walijua mtoto ni nani, na aliyeachiwa amlinde ni nani. Niliona vichwa vikigeuka kushoto, kimoja kimoja, vya wazee kwanza. Mzee mmoja wa ukoo wetu, aliyekuwepo siku ya isale, alishika kofia yake akasimama, akaondoka bila kutazama nyuma. Kina mama waliokaa na mke wangu walisogea kidogo, si kwa ubaya, nadhani ni ile haya inayompata mtu... Akabaki peke yake katikati ya mkeka.

Hakulia. Alikusanya kanga yake, akainuka kwa shida kwa sababu ya mimba, akapita mbele ya watu wote akielekea nyumbani.

Wimbo ulikuwa wangu sasa. Nilikuwa nimeshinda.

Nilimkuta anafunga nguo. Nilianza kusema maneno mengi, kwamba sikumtaja jina, kwamba nilikasirishwa, kwamba wimbo ni wimbo. Aliendelea kukunja. Kisha akasimama.

"Nilikupa neno lile na jani," akasema. "Umelichezesha watu."

"Nisamehe."

"Na wimbo wako haujakwisha. Mbona hukutia fito?"

Wasomaji, hapa ndipo ninapowaomba radhi na ninyi. Niliwaambia nilikuwa mjini. Sikuwaambia ilikuwa Jumamosi. Tangu mtoto alipoanza kutambaa, mke wangu aliniomba nijenge uzio kati ya nyumba na mfereji. Nilikata fito, nikazirundika nyuma ya nyumba. Ilikuwa kazi ya alasiri moja. Nilisema nitajenga Jumamosi. Kila Jumamosi kulikuwa na mazoezi barazani kwa Athumani, nikawa nafika nyumbani Jumapili, na Jumapili hatufanyi kazi. Fito zilikaa pale miezi miwili, mpaka zikaota uyoga. Habari ya msiba ilinikuta na gita mapajani.

"Sikukutajia habari ya fito hata siku moja," mke wangu akasema. "Wala siku ya mazishi uliponiuliza swali lile mbele ya watu. Nilileta jani langu nikakuomba. Wewe uliniletea jani gani?"

Nikampisha mlangoni.

Alirudi Kilema. Safari hii ndugu yake Melkiori ndiye aliyekuja kumchukua, naye ni kijana mpole, hata hakunitukana. Alibeba mzigo, akasema, "Kwaheri shemeji," basi.

Mtoto alizaliwa huko. Msichana.

Nilifanya nililopaswa kufanya mwanzo. Nilikata isale kwenye mpaka wa kihamba changu, nikalifunga fundo, nikaenda Kilema na mzee wa ukoo. Tulikuta mlango umefungwa, na moshi unatoka jikoni. Tukabisha hodi. Hakuna aliyeitika. Tukakaa mpaka jua likageuka, mbwa tu ndiye aliyetoka kutunusa. Nilikwenda mara ya pili peke yangu, ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu Melkiori alinikuta barabarani, chini ya misheni, kabla sijafika.

"Shemeji, usijichoshe," akaniambia. "Jani hatuwezi kulikataa, wewe mwenyewe unajua. Basi wazee wamesema lisionekane. Tusipoliona hatujalikataa."

"Mpaka lini?"

"Hawakusema." Akatazama lile jani mkononi mwangu, kisha haraka akageuza macho pembeni kama mtu aliyeona uchi. "Lifunike, shemeji. Nisije nikawa nimeliona."

Nikalitia ndani ya koti. Nikapanda baiskeli nikarudi.

Basi nikasema, nitauzuia wimbo wenyewe. Nilikwenda kwa Athumani. Alikuwa ameketi mbele ya cherehani lake na hashoni kitu. Aliposikia hodi yangu akasimama, akanipa mkono kwa mikono miwili. "Ungeniambia ni mtoto," akasema. "Wallahi nisingeupa mwendo ule. Mimi nimezika wawili." Akaapa hataupiga tena, na hajaupiga. Wazungu wa santuri aliwaambia ameusahau. Mwenzangu niliyemwona mwizi alipoteza bahati yake kwa ajili yangu, na mpaka leo hajanikumbusha hata mara moja.

Lakini ilisaidia nini? Jazi nyingine zilikuwa nao. Niliwafuata wapigaji wao mmoja mmoja. Mmoja wao, kijana mwenye pomadi kichwani, aliniuliza, "Kwani bwana, wimbo una mlango, tuufunge?" Nilikwenda mpaka kwa karani wa Bwana DC kuuliza kama kuna sheria. Akaniuliza kama kuna mtu aliyeniibia. Nikasema hapana. Akaniuliza nataka nini basi... Nikatoka. Barabarani fundi wa rangi alikuwa juu ya ngazi anapaka ukuta, anaimba. Nadhani mnajua alikuwa akiimba nini.

Kule Kilema sasa, sokoni, wapo wanaomwita Mama Rangi. Melkiori aliniambia. Zamani, hata Masama kwenyewe, walioijua habari ya kanga walikuwa wachache tu, sisi tuliokuwepo siku ya isale. Leo inajulikana Moshi nzima, na anayeenda sokoni akiangalia chini ni yeye.

Nimekaa na jambo hili miaka miwili. Nilipotaka kuliandika, niliogopa, maana kuandika nako ni kulitaja. Nikamtuma Melkiori amwulize dada yake. Nilitegemea akisikia jina langu atafunga mlango. Jibu lilikuja baada ya juma moja.

"Anasema andika," Melkiori alisema. "Anasema, ya kwake umeshayaimba, hayawezi kuwa mabaya zaidi. Andika ya kwako."

Ndiyo haya.

Sijamwona mwanangu wa pili isipokuwa mara mbili, kwa mbali, mgongoni mwa bibi yake wakitoka misa. Ameshaanza kusema. Hajui mimi ni nani. Siku moja atakua, atakwenda dansi kama vijana wote, na pale watapiga rumba moja ya zamani, nzuri, yenye makofi. Sijui mama yake atakuwa amemwambia nini kabla ya siku hiyo. Nikikaa ghalani mchana, hilo ndilo linalonifanya nikosee hesabu za magunia.

Ndugu zangu mnaotunga, na ninyi mnaopiga na kuimba, nawasihi. Watu watawaambia mwimbe ukweli. Sawa, uimbeni. Lakini kabla hujaweka kalamu chini, jiulize ukweli huo alikupa nani, na alikupa kwa ajili gani. Kama mtu alikupa akiwa amepiga magoti, si wako. Usiuimbe kwa Kiswahili, usiuimbe kwa Kichagga, usiupigie hata mluzi. Na ukiona katika wimbo wako mtu mmoja tu ndiye mwenye kosa, na huyo mtu si wewe, uchane.

Na kwa baba wa watoto wadogo, ambaye hatungi wala haimbi: kama umemwahidi mkeo kazi ya alasiri moja, weka karatasi hii chini sasa hivi. Inuka ukaifanye.